Baiskeli ni nzima, kwa nini inauzwa?

Tangazo la baiskeli used hapa Dar huwa na maneno yale yale karibu kila mara: ipo vizuri, gia zote zinafanya kazi, tairi bado mpya, sababu ya kuuza nasafiri, au nimekosa muda. Ukienda kuiona unakuta kweli, baiskeli ni nzima, cheni ina mafuta, breki zinashika, siti haijachanika, na mwenyewe anaisifia mpaka unajiuliza sasa mbona anaiuza. Mimi ni mtu wa baiskeli, naenda nayo kazini na kurudi, nasaidia watu kuchagua wanaponunua, na wauzaji nimeongea nao wengi, na kiukweli wengi wao hawajachoka kuendesha. Safari yao ndiyo imebadilika, au mji umeifanya ile safari isiwezekane tena, basi baiskeli inabaki koridoni inakula vumbi mpaka siku mtu anaamua bora igeuke hela.

Niweke wazi nani ninayemzungumzia. Simsemi yule anayeshuka na magunia ya mkaa kutoka Kisarawe na Pugu, wala muuza samaki anayetoka Feri alfajiri na tenga nyuma kwenye keria, wala wa mikate, wala wa maziwa. Hao baiskeli ndiyo kazi yenyewe, fremu ya Phoenix ikikatika wanachomelea wanaendelea, hawana muda wa kuweka tangazo. Namsema karani, mwalimu, mwanachuo, fundi simu wa Kariakoo, dada wa mapokezi, mtu ambaye baiskeli kwake ni ya kumtoa nyumbani kumfikisha kazini. Huyu ndiye anayenunua kwa furaha kubwa na baada ya miezi kadhaa anauza kwa nusu bei.

Na hauzi kwa sababu hesabu imekataa. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipangwa shilingi 600 pale LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, walipotangaza nauli mpya mwishoni mwa 2023. Kwenda na kurudi 1,200, piga mara siku 26 za kazi unapata 31,200 kwa mwezi, maana yake baiskeli ya laki mbili inarudisha hela yake ndani ya miezi saba hata uki­toa za pancha na za mafuta ya cheni, na kama unaunganisha magari mawili ndio kabisa. Muda nao hauko upande wa daladala. Sinza mpaka Posta kwa mwendo wa kawaida tu, bila kujikimbiza, ni kama dakika arobaini, na anayepita pale asubuhi kwa gari anajua dakika arobaini zinaweza kumkuta bado yuko Magomeni mataa. Kwa hiyo mtu akiniambia ameuza kwa sababu baiskeli haina faida simwelewi, faida ipo na aliiona mwenyewe.

Sababu kubwa kuliko zote, ambayo hakuna anayeiandika, ni kiwanja. Dar watu tunaishi tukiwaza kujenga. Kijana anaanza kupanga chumba na sebule Magomeni, Kinondoni, Ilala, Sinza, Temeke, pale kazini ni kilomita tano mpaka kumi, ni umbali wa baiskeli kabisa, na ndio maana wengi wananunua wakiwa kwenye umri ule na mitaa ile. Halafu anajibana, anapata kiwanja, na kiwanja anachokiweza hakiko Kinondoni, kiko Chanika, Chamazi, Bunju, Kibamba, au Kigamboni ndani ndani huko. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, yaani milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na anayeujua mji huu anajua kwamba hawakuongezeka Upanga wala Kariakoo, wameongezeka huko pembeni kulikokuwa na mikorosho na mihogo. Siku mtu anahamia kwake, nyumba haijapigwa hata plasta, furaha imejaa, watu wanampongeza, na hakuna anayekumbuka kwamba siku hiyo hiyo safari ya kazini imetoka kilomita saba imekuwa ishirini na tano au thelathini. Tena kilomita mbili tatu za kwanza ni mchanga. Mchanga wa Mbagala na wa Kigamboni si wa kuendeshea baiskeli ya tairi nyembamba, unazama, unashuka, unasukuma, unafika barabara ya lami viatu vimejaa na shati limelowa kabla safari yenyewe haijaanza.

Anajaribu wiki moja, anajaribu ya pili, anaacha. Baiskeli anaiuza miezi michache baadaye na akiulizwa anasema amekosa muda, na hasemi uongo, maana muda wake wote sasa uko kwenye kituo cha daladala.

Hapa ndipo watu wengi wanasema basi, umbali ndio umbali, utafanyaje. Mimi sikubali. Uholanzi kuna watu wanaishi kilomita arobaini au hamsini kutoka kazini na bado wana baiskeli, wengine mbili, moja ya mji wanaokaa na moja ya mji wanaofanya kazi, kwa sababu wanaendesha mpaka stesheni, wanaiacha, wanapanda treni. Stesheni ya Utrecht ina maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya jengo moja, yalikamilika 2019. Sisi tumejenga mwendokasi, mabasi yakaanza Mei 2016 kutoka Kimara mpaka Kivukoni na matawi ya Morocco na Gerezani, mradi mzuri kabisa wala siubezi, lakini mtu wa Mbezi anayetaka kuendesha mpaka Kimara aache baiskeli apande basi, anaiacha wapi? Anaifunga kwenye nguzo aende kazini kwa muda wa saa kumi akijiombea? Kwa hiyo baiskeli na basi, ambavyo kwingine ni marafiki, kwetu vimekuwa vitu vya kuchagua kimoja, na ukilazimishwa kuchagua huku unakaa mbali utachagua basi.

Sababu ya pili inatoka ndani ya baiskeli yenyewe, na hii nataka niiseme kwa urefu kwa sababu inawaumiza watu wasio na hatia.

Baiskeli nyingi nzuri zinazouzwa mjini ni za mtumba, zinakuja kwenye makontena kutoka Japani na Ulaya. Za Japani utazitambua kwa kikapu cha mbele, stendi ya miguu miwili, kufuli la duara kwenye tairi la nyuma na kistika kidogo kwenye fremu chenye maandishi ya Kijapani na namba, ile ni namba ya usajili wa kuzuia wizi, kule kusajili baiskeli ni lazima tangu 1994. Kule nako zimeuzwa au zimetelekezwa karibu na stesheni, manispaa zikazikusanya, mwenyewe hakuja kuzichukua, na mojawapo ya njia za kuziondoa ni kuzipakia melini. Yaani baiskeli unayoiona Dar ilishauzwa au kuachwa mara moja, na hapa inauzwa tena, na sababu za kule na za hapa hazifanani hata kidogo. Kule watu wanaziacha kwa sababu mpya ni rahisi kupata. Hapa watu wanaziuza kwa sababu tairi halipatikani.

Nieleze. Mtu ananunua baiskeli ya Ulaya, nzuri, nyepesi, imeandikwa 28. Tairi linaisha, anaenda dukani anaomba tairi la 28, anapewa la Phoenix, anampelekea fundi, fundi anahangaika nusu saa anamwambia halikai, rimu yako mbovu. Rimu si mbovu. Tairi la 28 la Phoenix na baiskeli nyingine za kizamani linakaa kwenye rimu ya milimita 635, na 28 ya baiskeli za kisasa za Ulaya ni milimita 622. Tofauti ni milimita 13, kwa macho huioni, lakini tairi halikai, linachezacheza, ukilijaza upepo linaruka. Ishirini na sita ni hivyo hivyo, tairi la mauntenibaiki ni 559 na la baiskeli nyingi za Japani za kikapu ni 590, zote zinaitwa 26 dukani. Namba hizo ndogo zimeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa mfano 37-590, lakini muuzaji haziangalii, mnunuzi hajui kama zipo, na fundi wa chini ya mwembe amezoea Phoenix na Hero ambazo anazijua hata akifumba macho.

Endelea na vitu vingine. Valvu ya baiskeli za mbio ni ile nyembamba, pampu ya mtaani haiingii, kwa hiyo upepo tu ni mtihani. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ni pana kuliko ya gia, ukifungiwa ile pana kwenye gia saba haiwezi kupita, inarukaruka, na wengine wanaambiwa gia zimekufa. Gia za nyuma zikipinda kidogo tu fundi anazitoa zote anafunga cheni moja kwa moja, baiskeli iliyonunuliwa kwa ajili ya kupanda kilima cha Kimara au cha Chuo Kikuu inabaki na gia moja na mwenyewe anaanza kuiona mzigo. Hakuna kibaya ambacho mtu huyu amefanya. Alinunua kitu kizuri ambacho mji hauna spea zake wala elimu yake, na kila tatizo dogo linakuwa safari ya Kariakoo ya nusu siku, duka kwa duka, mpaka siku anasema imetosha. Anaiuza ikiwa na ubovu mdogo, anayenunua anarithi tatizo lile lile, na baada ya miezi mitano inauzwa tena. Nimewahi kuiona baiskeli moja ile ile, rangi ile ile na mkwaruzo ule ule kwenye fremu, kwa wenye tofauti, na kila mmoja alikuwa anaipenda.

Hapo hapo kuna habari ya saizi ya fremu, ambayo karibu hakuna mtu anaiangalia. Watu wananunua baiskeli kwa rangi na kwa idadi ya gia. Mtu mrefu ananunua fremu ya mtoto wa sekondari kwa sababu ilikuwa nzuri na bei ilishuka, anaendesha magoti yakiwa karibu na kidevu, mwezi wa pili magoti yanauma, kiuno kinauma, anaamini kwamba baiskeli zinaumiza mwili. Ukikaa kwenye siti na pedeli ikiwa chini kabisa mguu unatakiwa karibu unyooke, ubaki mkunjo kidogo tu. Ukiinua siti mpaka mwisho na bado goti limekunjwa sana, hiyo si yako, haijalishi bei. Kwa huyu kuuza ni sawa kabisa, auze, ila auze anunue inayomtosha, maana wengi wakiuza ya kwanza hawanunui tena, wanaondoka kwenye baiskeli moja kwa moja.

Twende barabarani. Sitaongea sana kuhusu hatari kwa ujumla kwa sababu kila mtu anaijua, anayepita Mandela na malori ya kwenda Zambia na Kongo anajua ninachosema. Nataka kuongelea kitu kimoja ambacho kinaniuma kwa sababu tulikikaribia tukakiachia. Morogoro Road ilipojengwa kwa ajili ya mwendokasi ilijengewa njia ya baiskeli pembeni, pande zote mbili, na mradi huo ndio ulioipa Dar es Salaam tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya 2018, ile inayoitwa Sustainable Transport Award. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida angeweza kutoka Ubungo mpaka mjini bila kugusana na daladala. Najua watu walionunua baiskeli kipindi kile kwa sababu ya njia ile tu. Sasa pita leo. Bodaboda wako ndani ya njia, tena wanakuja kwa mbele yako kasi na honi juu, magari yameegeshwa, wamachinga wamepanga viatu na nguo, sehemu nyingine kuna kifusi, na mvua kubwa ikinyesha Jangwani panafurika kila kitu kinasimama. Simlaumu machinga, anatafuta ugali kama mimi, wala bodaboda wote si wabaya. Namlaumu aliyejenga njia akaondoka bila kumwachia mtu kazi ya kuilinda. Nguzo fupi chache za zege kila mahali njia inapoanzia, zilizoachana kiasi cha usukani wa baiskeli kupita, na askari wa kuzungukia, basi. Mtu aliyenunua kwa ajili ya njia ile akikoswakoswa na pikipiki mara ya tatu mke wake anamwambia auze, na anauza.

Nairobi hawako mbali na sisi kwenye hili. Thika Road ilipokamilika 2012 ilikuja na njia za baiskeli pembeni, na mwaka 2015 kaunti ikapitisha sera ya watembea kwa miguu na baiskeli iliyoahidi asilimia 20 ya bajeti ya usafiri. Karatasi nzuri sana. Lakini muulize anayeendesha kule, atakuambia njia inakuja vizuri halafu inakatika ghafla kwenye makutano, pale pale ambapo unaihitaji zaidi, unajikuta katikati ya matatu.

Ukiokoka barabara unafika kazini, na hapo kuna sababu nyingine ambayo ni ndogo kuitamka lakini inauza baiskeli nyingi mno. Getini. Gari linafunguliwa geti na saluti juu, pikipiki inaonyeshwa pa kukaa, baiskeli mlinzi anasimama mbele: hiyo haiingii humu. Yamenikuta, kwenye ofisi moja niliwahi kuambiwa niifunge nje kwenye nguzo ya umeme na nikilalamika niongee na bosi, wakati ndani kulikuwa na nafasi ya magari kumi. Mtu hawezi kufanya kazi saa nane kichwa kikiwa nje kwenye nguzo ya umeme. Na jasho. Dar kuanzia Desemba mpaka Machi joto linapita nyuzi 30 na unyevu wa bahari juu yake, hata ukitoka nyumbani saa kumi na mbili unafika umelowa, na ofisi nyingi hazina hata bafu moja la ndoo. Wanaume wanabeba shati la pili kwenye begi wanabadilishia chooni. Akina dada inakuwa ngumu zaidi, nywele, nguo, na juu ya hapo maneno ya njiani, yaani mwanamke kwenye baiskeli katikati ya Dar anaitwa na kila kijiwe anachopita. Vuka maji uende Unguja unakuta wasichana wa shule na mabuibui yao wanaendesha kwa amani na hakuna anayegeuka, kwa hiyo wanaosema mila na dini hazikubali wanadanganya. Ni mazoea ya mtaa tu, na mazoea yanabadilika. Baiskeli za akina dada nyingi ninazoziona zikiuzwa zina kilomita chache sana, tairi bado lina vinyoya vya kiwandani, na hiyo inanisikitisha kuliko bei yake.

Heshima nayo ipo. Ukipandishwa cheo halafu bado unakuja na baiskeli watu wanaanza kukuhurumia, wanakuuliza gari limeharibika? Shemeji anakuambia tafuta hata Toyota IST. Wapo wanaouza kwa sababu hii, si haba, na siwacheki, kukaa kwenye mji unaokuona umeshindwa maisha kila asubuhi kunachosha.

Halafu pikipiki. Kanuni za kuruhusu pikipiki na bajaji kubeba abiria kibiashara zilitoka 2010 na tangu hapo kijana mwenye baiskeli anaiona kama ngazi ya chini, anaiuza apate sehemu ya kianzio cha pikipiki ya mkataba. Kenya iliwatokea mapema kidogo, walipoondoa kodi kwenye pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, na Kisumu iliyokuwa imejaa baiskeli za abiria zenye siti ya sponji nyuma ikageuka ya pikipiki ndani ya miaka michache tu. Kwa kijana anayetafuta riziki siwezi kumwambia asiuze, pikipiki inaingiza hela kila siku. Ninachosema ni kwamba serikali zetu zilifikiria sana jinsi ya kumfikisha mtu kwenye pikipiki na hazikufikiria kabisa jinsi ya kumwacha yule anayetaka kubaki kwenye baiskeli abaki salama.

Na kuna hela yenyewe. Angalia matangazo ya Januari. Ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, vyote vinakuja pamoja, na ndani ya nyumba kitu gani kinauzika haraka? Pikipiki ina kadi, kuihamisha jina ni safari ya TRA. TV ukiiuza watoto wanalia. Baiskeli haina kadi, haina uhamisho, mtu anakuja jioni anaipanda mara mbili mtaani anakupa keshi anaondoka nayo. Huo wepesi ndio unaofanya iwe ya kwanza kutoka. Ni wepesi huo huo unaofanya iibwe kirahisi, kwa hiyo mnunuzi omba risiti au angalau andikishianeni karatasi yenye namba ya fremu, ile iliyogongwa chini karibu na pedeli, piga picha na mpige simu muuzaji ukiwa mbele yake uhakikishe namba ni yake. Asiyetaka kuandikishana achana naye hata bei iwe ya bure.

Wanaouza Januari nawatenganisha na wengine wote kwa sababu wengi wao watanunua tena, nimewaona, mwezi wa nne au wa tano wanarudi kutafuta. Wanapoteza tu, wameuza kwa elfu themanini wananunua kwa laki na ishirini.

Kundi la wikiendi, wale wa Jumamosi alfajiri Masaki, Coco, Daraja la Tanzanite tangu lilipofunguliwa 2022, hao ni habari tofauti. Wanauza ili wanunue nzuri zaidi, nyepesi zaidi, na baiskeli zao ndizo bora sokoni kwa sababu zimetunzwa na mwenyewe anajua saizi na ana risiti. Ukipata ya mtu wa aina hii usisite, ila uliza kwanza spea, maana ndio zile zile za 622 na valvu nyembamba.

Mimi kinachonisumbua ni kwamba nyingi ya baiskeli hizi mwisho zinaondoka mjini. Zinapakiwa kwenye buti za mabasi zinaenda Ifakara, Tabora, Shinyanga, Kahama, huko mtu akinunua baiskeli anakaa nayo miaka, mji mdogo, barabara tulivu, fundi kila kona, na kubeba abiria kwa baiskeli si jambo geni. Vizuri kwao. Lakini mji wa watu milioni tano unaonunua baiskeli kila siku na hauwezi kukaa nazo una tatizo ambalo haliko kwenye baiskeli.

Kwa muuzaji wa spea Kariakoo naomba jambo dogo, bandika zile namba za tairi ukutani, 559, 590, 622, 635, na uulize mteja kabla ya kumpa. Kwa mwajiri, nafasi ya gari moja inatosha baiskeli nane mpaka kumi, toa nafasi moja tu na weka chuma cha kufungia, bafu litakuja baadaye. Kwa wanaojenga na kusimamia mwendokasi, ya Mbagala, ya Gongo la Mboto na zitakazofuata, kila kituo kikubwa cha mwisho kiwe na banda la kuezekwa lenye mlinzi na tiketi, jinsi watu wanavyolaza magari na pikipiki kwenye sheli na kulipa. Mtu wa Mbezi, wa Chamazi, wa Pugu, aendeshe zile kilomita tano sita za kwetu ambazo bodaboda anatutoza elfu mbili, aiache pale, apande basi. Shilingi mia tatu kwa siku watu watalipa, mimi nitalipa, na banda la hivyo gharama yake haifiki hata ya kituo kimoja cha vioo.